Furu Huyu Umemtoa Wapi?

Wiki iliyopita nilitumiwa picha tatu za furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, kila moja na mtu wake, na swali lilelile: "Mtaalamu, huyu anaitwaje?" Zote zilionyesha dume mwekundu mgongoni, wa manjano ubavuni, mwenye mistari myeusi ya wima, yumo kwenye tangi la kioo sebuleni. Wote watatu niliwauliza: umemtoa wapi? Mmoja aliudhika, akadhani namzungusha. Kwa ajili yake naandika haya.

Walitarajia niseme Pundamilia nyererei. Nawaelewa, maana ni samaki wa kujivunia. Alielezwa kisayansi mwaka 1985 kutokana na furu wa hapa hapa Ghuba ya Mwanza, akapewa jina la Mwalimu mwaka uleule aliong'atuka. Ndugu yake, Pundamilia pundamilia, ana mwili wa kijivu unaoelekea bluu au weusi, na pezi la mgongoni la bluu inayometa. Kwenye mawe ya kisiwa cha Makobe, nje ya ghuba ambako maji ni maangavu, wawili hawa hukaa jirani bila kuchanganyika. Wa bluu yuko karibu na uso wa maji. Mwekundu yuko chini zaidi, ambako mwanga mwingi unaofika ni wa chungwa na wekundu.

Sasa ingia ghubani, shuka kusini. Maji yanazidi kuwa ya tope na mwani, na tofauti inayeyuka. Ukifika kisiwa cha Luanso, madume ni wa rangi za kila namna na wote ni jamii moja. Katikati ya safari hiyo kuna Visiwa vya Python, vyenye wekundu wao na wa bluu wao. Kwa macho ungeapa ni walewale wa Makobe. Vinasaba vimesema vingine: jozi ya Python ilitokana na damu iliyochanganyika zamani, kisha ikagawanyika upya palepale. Ndiyo maana watafiti huwaita wale wekundu "mfano wa nyererei" tu. Samaki wawili wanaofanana kwenye picha, majina mawili, na kinachowatenga ni jiwe walipovuliwa.

Rangi yenyewe ndani ya tangi haiaminiki. Dume mnyonge akiwekwa na mbabe hufifia, akawa kama jike. Majike ndio kabisa: kijivu chenye manjano kidogo, mistari hafifu, na mimi sijawahi kumtaja jike kwa picha ya simu, wala sitaanza. Halafu wanazaana. Majike huchagua dume kwa rangi. Katika majaribio yaliyochapishwa miaka ya 1990, walipowekwa chini ya mwanga wa chungwa unaoficha rangi, walikubali dume yeyote kati ya hao wawili. Tangi lenye wekundu na wa bluu pamoja, jike akikosa dume wa kwake, litakupa watoto wasio na jina. Tafadhali watenganisheni.

Kuna kosa jingine ninalokutana nalo sana, la furu madoadoa. Mtu ana samaki mwenye mabaka meusi juu ya rangi ya chungwa au nyeupe, anaamini kapata aina mpya. Mara nyingi ni jike wa Neochromis omnicaeruleus, na dada zake wa kawaida huenda wako kwenye tangi hilohilo. Huyu mtazame kichwa: paji limeinama ghafla, mdomo uko chini, na meno madogo yamepangwa safu nyingi zilizobanana kwa kukwangua mwani kwenye mawe.

Meno ndiyo ninayoyaamini. Mweke samaki kwenye kisanduku chembamba cha kioo chenye maji, msogeze taratibu hadi ukutani, subiri afungue mdomo, tumia lenzi ya mkononi. Jino lina ncha moja, mbili au tatu? Kwenye maduka ya ughaibuni kuna samaki aliyeuzwa miaka mingi kwa jina la "obliquidens" kwa sababu ya mistari yake mizuri, kumbe ni Astatotilapia latifasciata kutoka maji ya Kyoga, Uganda, wala si wa ziwa letu. Haplochromis obliquidens wa kweli ana meno yaliyokatwa mshazari, na jina lake linasema hivyo. Wauzaji waliangalia mistari.

Lakini hata mifupa hubadilika. Astatoreochromis alluaudi ni mla konokono. Utamjua kwa madoa mengi yanayofanana na mayai kwenye pezi la chini, na miiba ya pezi hilo kwa kawaida ni minne au zaidi, wakati furu wengi wana mitatu. Porini ana taya nene la kooni la kusagia konokono. Mtafiti wa samaki Greenwood alionyesha mwaka 1965 kwamba waliolelewa bila konokono, kwa chakula laini, taya hilo huwa jembamba na meno yake madogo. Samaki ni yuleyule. Ukimlea kwa chembe za chakula cha dukani halafu ukampasua kutafuta jina, anaweza kukudanganya.

Kwa hiyo bandika karatasi kwenye tangi siku ileile unayomleta: mahali, kina kwa pima, mawe au mchanga, tarehe. Ukinunua kwa kijana wa mtumbwi pale Kirumba, muulize kabla hujalipa. Kisiwa cha Saanane usiende kuvua, ni hifadhi. Na aliyekaa kwenye tangi asirudishwe ziwani.

Kati ya wale watatu, wawili hawakumbuki. Nimewaambia waandike "furu mwekundu, asili haijulikani" na wawatunze vizuri. Yule aliyeudhika alipiga simu jioni. Alimvua mwenyewe kwa ndoano, Makobe, pima mbili na nusu, kwenye majabali. Nimemwomba picha ya meno.