"Akapewa chuo": kusomwa kwa Maandiko katika sinagogi

Luka 4:17 inasema Yesu "akapewa chuo cha nabii Isaya". Chuo hapo si mahali pa kutafutia diploma. Ni kitabu, kwa Kiswahili cha zamani, na kwa Wayahudi wa siku zile kilikuwa gombo lililotunzwa katika sinagogi. Watu wachache sana walikuwa na gombo nyumbani, hivyo kusoma Maandiko kwa wengi kulikuwa ni kusomewa. Ufunuo 1:3 inayo picha hiyohiyo: "Heri asomaye na wao wayasikiao". Msomaji mmoja, wasikiaji wengi.

Siku ya sabato ilisomwa kwanza Torati, yaani vitabu vitano vya Musa. Baadaye Wayahudi wa Babeli walizoea kuimaliza kwa mwaka mmoja, wa Palestina kwa miaka mitatu hivi. Kisha huja somo la manabii, linaloitwa haftara mpaka leo. Kwa kuwa wengi walizungumza Kiaramu, mkalimani aligeuza Kiebrania papo hapo. Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya sheria za Kiyahudi uliokamilika karibu na mwaka 200 baada ya Kristo, inamtaka msomaji wa Torati asimpe mkalimani zaidi ya aya moja kwa mara. Kwa manabii, zisizidi tatu.

Sasa mtazame Yesu pale Nazareti. Anasimama kusoma, anamrudishia mtumishi chuo, anaketi. Sisi tungedhani amemaliza, kumbe mwalimu alifundisha akiwa ameketi. Ndiyo maana wote walimkazia macho. Tena alikomea "mwaka wa Bwana uliokubaliwa", na katika Isaya 61:2 yanayofuata ni "siku ya kisasi". Kwangu mimi, kukatia hapo ni sehemu ya mahubiri yenyewe.

Wakristo wa kwanza waliurithi utaratibu huo. Antiokia ya Pisidia, Paulo alikaribishwa kunena baada ya Torati na manabii kusomwa (Matendo 13:15). Kufikia mwaka 150 hivi, Justino, mwandishi Mkristo wa Roma, anaeleza ibada ya Jumapili: husomwa kumbukumbu za mitume au maandiko ya manabii kadiri muda unavyoruhusu, halafu kiongozi huonya. Kwa hiyo somo la Agano la Kale linalosomwa kanisani kabla ya Injili si la kupashia moto watu wakisubiri wachelewaji.

Hata "ufanye bidii katika kusoma" ya 1 Timotheo 4:13, ambayo wanafunzi huandikiwa kwenye kadi za mitihani, ilimhusu Timotheo akiwasomea watu kwa sauti.