Broka Hawi Salama kwa Sababu Ana MT5

Juzi nimeletewa tena ujumbe ule ule: "Fundi, huyu broka ni salama, anatumia MT5." Broka ni kampuni inayokufungulia akaunti ya kununua na kuuza fedha za kigeni (forex), na MT5 ni toleo la MetaTrader, programu ya kufanyia biashara hiyo. Kazi yangu hapa Mombasa ni kuandika maroboti ya MetaTrader, yaani programu ndogo zinazotredi zenyewe, na kuwawekea watu seva, na sentensi hiyo nimeshaisikia kwa watu ambao baadaye walinijia wakiuliza pesa zao zimekwenda wapi.

MetaTrader ni mali ya kampuni ya MetaQuotes. MT4 ilitoka mwaka 2005, MT5 ikafuata 2010. MetaQuotes haishiki hata senti yako. Broka huchukua seva ya programu hiyo, akaiendesha mwenyewe, akapanga spredi (tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza), kamisheni, swapu (riba ya kulaza oda usiku) na jinsi oda yako itakavyotekelezwa. Muuza sukari anaweza kuwa na mizani nzuri kuliko zote sokoni na bado akakupunja.

Kumbuka Januari 15, 2015. Benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuilinda bei ya 1.20 ya euro dhidi ya faranga, na katika dakika chache bei ikaporomoka chini ya 1.00. Stopu losi, yaani oda za kufunga biashara hasara ikifika kiwango fulani, zilizowekwa karibu na 1.20 zikajazwa mbali sana huko chini, kwa sababu katikati hapakuwa na mnunuzi. Broka Alpari ya Uingereza ilifilisika wiki hiyohiyo. Chati za wateja wake zilikuwa zikichora vizuri tu. Aliyeanguka alikuwa broka.

Septemba 2022 ikawa kinyume chake. Apple iliiondoa MetaTrader kwenye duka lake la programu, nayo haikurudi hadi Machi 2023. Simu yangu haikutulia, kila mtu akidhani akaunti yake imekufa. Pesa zilikuwa kwa broka na oda zilikuwa kwenye seva yake, palepale zilipokuwa siku zote.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi zaidi, maana hapa ndipo programu zinapotofautiana kweli na hakuna anayeuliza. Ukiweka stopu losi ya kawaida kwenye MT4 au MT5, inakaa kwenye seva ya broka. Umeme ukikatika Likoni, bado inakulinda. Lakini ile stopu inayoifuata bei, "trelingi", kwenye MetaTrader inaendeshwa na kompyuta yako. Ukizima kompyuta, stopu inabaki ilipofika mara ya mwisho na haisogei tena. Roboti pia ni hivyo hivyo, na kwenye programu ya simu haifanyi kazi kabisa. Nimemwona mtu akifunga kompyuta yake akaenda kulala akiamini faida inalindwa. Kwenye cTrader, programu nyingine ya kutredi, trelingi inakaa kwenye seva. Kama unategemea trelingi na huna VPS (kompyuta ya kukodi mtandaoni isiyozimwa), tofauti hiyo moja ina uzito kuliko rangi zote za chati.

MT4 au MT5? Kama huna roboti ya zamani ya MQL4, lugha ya MT4, chukua MT5. Kipima roboti chake kinatumia tiki halisi (kila badiliko la bei lililotokea) na ni cha kasi zaidi. Tumemaliza hapo.

Gharama zisome ndani ya programu yenyewe. Bofya jina la jozi ya sarafu, fungua maelezo yake, angalia swapu na umbali wa chini wa stopu. Halafu kesha usiku mmoja tu uangalie spredi saa New York inapofunga siku, yaani saa sita usiku kwetu, au saa saba majira yao ya baridi. Spredi iliyotangazwa kwenye bango utaiona ikipanuka mara kadhaa. Na ndugu zangu Waislamu: akaunti isiyo na swapu ni mpango wa broka, si wa programu. Uliza kama baada ya siku kadhaa kuna ada nyingine inayoingia mahali pa swapu.

Mimi hufungua akaunti halisi ndogo, nikatredi kiasi kidogo, loti 0.01, ambapo pipu moja (hatua ndogo ya bei, 0.0001) ya EURUSD, euro kwa dola, ni senti kumi za dola. Kisha nasoma kumbukumbu za programu: bei niliyoomba, bei niliyopewa, milisekunde zilizopita. Mwisho natoa pesa. Lakini kipimo hiki kina tundu. Broka anaweza kuwagawa wateja katika makundi kwenye seva moja, kila kundi na mipangilio yake, kwa hiyo nilivyohudumiwa mimi na dola zangu hamsini huenda sivyo utakavyohudumiwa wewe na elfu tano. Oda ikiteleza pipu mbili, mara nyingi siwezi kuapa kama ni soko, intaneti yangu au broka.

Kwa sababu hiyo naanza na leseni. Kenya ina kanuni za biashara hii tangu 2017, chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Jina la kampuni nalitafuta kwenye orodha ya Mamlaka yenyewe, herufi kwa herufi, si kwenye picha ya cheti iliyotumwa WhatsApp.