Nyimbo za Jukwaani Zisizozeeka: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wengi huziimba nyimbo za tamthilia za muziki bila kujua zilikotoka. Wimbo ukishatoka jukwaani na kupata makao mengine, kila mwenyeji mpya huapa kuwa ni wake tangu zamani.

Dhana: "You'll Never Walk Alone" ni wimbo wa mpira.

Mpira ndio makao yake ya pili. Richard Rodgers na Oscar Hammerstein waliutunga kwa ajili ya Carousel, tamthilia iliyofunguliwa Broadway, New York, Aprili 1945, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiwa bado haijaisha. Ndani yake mwanamke amefiwa na mumewe ghafla, na binamu yake anamwimbia ili apate nguvu za kusimama. Marehemu mwenyewe hakuwa malaika. Mauti yalimkuta katika jaribio la wizi. Mwaka 1963 kundi la Gerry and the Pacemakers, vijana wa Liverpool, liliurekodi, ukashika namba moja Uingereza, na mashabiki wa Anfield, uwanja wa klabu ya Liverpool, wakaupokea. Leo huimbwa hata na mashabiki wa Celtic na Borussia Dortmund. Tafuta neno la mpira katika beti zake, hulipati. Kuna dhoruba, giza na mtu anayetembea, na timu ikifungwa mabao matatu, shabiki yuko papo hapo.

Dhana: "Edelweiss" ni wimbo wa asili wa Austria.

Ni wa 1959, na watunzi ni Wamarekani wale wale wawili, kwa ajili ya The Sound of Music. Ndiyo mashairi ya mwisho ya Hammerstein, aliyefariki Agosti 1960. Kepteni anayeuimba anaiaga nchi yake, kwa hiyo ilibidi usikike kama wimbo aliolelewa nao. Ukidanganyika, ujue watunzi walifanya kazi yao.

Dhana: Wimbo hudumu kwa sababu tamthilia yake ilipendwa.

Porgy and Bess ya George Gershwin ilionyeshwa Broadway mwaka 1935 mara 124 tu, na fedha zilizowekwa hazikurudi. (Gershwin mwenyewe aliiita opera, lakini ilipigwa katika ukumbi wa Broadway, basi tusibishane.) Humo ndimo ulimotoka "Summertime", bembelezi ya mtoto ambayo wanamuziki wa jazi hawajachoka kuipiga. "My Funny Valentine" nao ulitoka katika Babes in Arms ya 1937, tamthilia ambayo ni nadra kuonyeshwa siku hizi. Haukutungwa kwa ajili ya sikukuu ya wapendanao: Valentine ni jina la kijana anayeimbiwa, tena kwa utani kuhusu sura yake.

Dhana: Ni nyimbo tamu tamu za watu wenye furaha.

Usikilize basi "Mack the Knife", uliozaliwa Berlin mwaka 1928 kwa mashairi ya Bertolt Brecht na muziki wa Kurt Weill. Ni orodha ya mauaji, na watu huucheza wakitabasamu. Mwaka 1960 Ella Fitzgerald aliuimba Berlin hiyo hiyo, akasahau maneno katikati, akabuni mengine papo kwa papo huku akikiri kuwa amesahau. Rekodi hiyo ikapata tuzo ya Grammy. Mahadhi yalikuwa na nguvu kuliko maneno, nadhani, na hilo Brecht asingelifurahia.

Dhana: Bila sauti kubwa huziwezi.

Hii ndiyo inayonikera zaidi. Stephen Sondheim alitunga "Send in the Clowns" (yaani "Walete Wachekeshaji") kwa ajili ya Glynis Johns, mwigizaji mkuu wa A Little Night Music mwaka 1973, ambaye sauti yake ilikuwa nzuri lakini haikuweza kushikilia noti ndefu. Akampa sentensi fupi fupi, nyingi zikiwa maswali, zenye nafasi ya kuvuta pumzi. Udhaifu wa mwimbaji ndio uliozaa umbo la wimbo, na umbo hilo hilo linasadifu hali ya mhusika: mwanamke aliyetoka kukataliwa na mwanamume ambaye miaka mingi nyuma yeye ndiye aliyemkataa. Wengi huwaza sarakasi wakisikia habari za wachekeshaji wale. Kumbe mhusika ni mwigizaji, na anatumia msemo wa kazi yake: onyesho likienda mrama, walete wachekeshaji.