Kulwa na Doto si mtoto mmoja mwenye miguu minne

Dodoma mtu akisikia una pacha, majina hakuulizi. Aliyetangulia ni Kulwa, aliyefuata ni Doto. Majina yametoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi, ambao hata mtoto anayezaliwa baada ya pacha wana jina lake, Shija. Leo utayasikia Nkuhungu, Chang'ombe na Kongwa, kwenye nyumba ambazo hakuna anayejua neno jingine la Kisukuma. Majina yenyewe hayana ubaya. Shida inaanza pale yanapoitwa kwa pumzi moja, "Kulwanadoto njooni mle!", na taratibu nyumba nzima ikazoea kufikiri hivyo: sahani moja, kipimo kimoja cha dawa, kosa moja, kiboko kimoja. Dhana nyingi kuhusu pacha wa miaka mitatu hadi mitano zimeota kwenye mazoea hayo.

"Mmoja akiumwa, mpe na mwenzake dawa, maana ataumwa tu"

Hakuna kamba ya siri inayopitisha homa kutoka kwa pacha mmoja kwenda kwa mwingine. Wanaumwa kwa kufuatana kwa sababu wanalala pamoja, wanapokezana kikombe na wanapigiana chafya usoni. Tena wanaweza kuchemka siku moja kwa magonjwa mawili: Kulwa ana malaria, Doto ana mafua. Kila mmoja atobolewe kidole chake na apate majibu yake.

Dawa mseto ya malaria iitwayo ALu inaonyesha vizuri hatari ya kuwajumlisha. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja kila dozi. Wa kilo 15 hadi chini ya 25 hupewa viwili. Dozi ni sita ndani ya siku tatu: ya pili saa nane baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Sasa chukua pacha wa miaka minne, mmoja kilo 14.2, mwingine 15.6, tofauti ya kawaida kabisa. Wa kwanza anahitaji vidonge 6, wa pili 12. Mzito akipewa dozi ya mwepesi, vimelea vinabaki, homa inarudi baada ya muda, na watu wanasema dawa imegoma. Kwa hiyo uzito upimwe siku hiyohiyo, usitajwe kwa kukumbuka. Dawa imezwe pamoja na kitu chenye mafuta kidogo, kama maziwa au uji wenye karanga, na mtoto akitapika ndani ya nusu saa, dozi ile irudiwe.

Hesabu ya uzito inahusu pia parasetamoli ya maji. Kipimo hakizidi miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa sita, na si zaidi ya mara nne kwa siku. Kwa chupa ya miligramu 120 katika mililita 5, mwenye kilo 13 mwisho wake ni mililita 8, mwenye kilo 16 ni mililita 10. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano yenyewe. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani, kimoja kinabeba mililita 3 na kingine 6.

Hata hivyo kosa baya zaidi la nyumba yenye pacha halitokani na mililita. Mama amempa Kulwa dawa saa 12 asubuhi, akaondoka kazini. Saa 2 bibi anamshika mtoto, anakuta joto, anadhani huyu ndiye Doto ambaye hajapewa. Kulwa amekunywa mara mbili, Doto hajaonja. Dawa ya kosa hili ni karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa kabati, na kalamu imefungwa hapo kwa uzi. Yeyote anayetoa dawa anaandika vitu vinne: jina, saa, kiasi, na nani ametoa. Kwa pacha wanaofanana kama shilingi mbili, mpake mmoja rangi ya kucha kwenye kidole gumba cha mguu. Shanga na bangili hazifai. Wanabadilishana kwa mchezo, na uzi ukikatika shanga zinaishia puani.

Kwenye kuharisha, lita moja ya ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya pakiti, inaweza kutumiwa na wote wawili, ila kila mmoja awe na kikombe chake chenye alama. Mtoto wa umri huu anahitaji mililita 100 hadi 200 kila anapoharisha, na wakinywea kikombe kimoja huwezi kujua nani anaishiwa maji. Kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, apewe anayeharisha tu.

"Sahani moja inajenga upendo"

Inajenga upendo kwa anayekula haraka. Ugali wa uwele na mlenda haviko upande wa mtoto mpole: mwenye mkono mwepesi anamaliza, mwenzake bado anapuliza tonge la tatu. Ukiangalia sinia limekwisha unaridhika, ila nusu saa baadaye mmoja anaomba andazi na anaitwa mlafi. Miezi sita ya hivyo inaonekana kwenye mizani ya kliniki.

Waketishe mkeka mmoja, sahani mbili. Anza na kikombe cha mililita 250 kwa kila mmoja, kisha ongeza kwa anayetaka. Maharage, dagaa au yai vigawe kabla ya kuita watu, kwa kuwa hapo ndipo ugomvi ulipo, si kwenye ugali. Kwa sinia la ukoo siku ya sikukuu hakuna neno, siku moja haimkondeshi mtu.

"Wana lugha yao, waacheni, shule itawanyoosha"

Kweli pacha wengi huchelewa kidogo kuzungumza kuliko watoto waliozaliwa peke yao. Sababu ni mbili hasa: wengi huzaliwa kabla ya siku kutimia, na kila mmoja hupata nusu ya mazungumzo ya mtu mzima, kwa sababu mama anazungumza na "ninyi" badala ya "wewe". Ile "lugha yao" kwa kawaida ni Kiswahili kilichokatwakatwa, ambacho kila mmoja amekizoea kwa mwenzake. Hakuna anayemsahihisha mwingine, wote ni wanafunzi.

Wengine wanatupa lawama kwa bibi anayewasemesha Kigogo. Bibi hana kosa. Watoto hubeba lugha mbili bila kuchelewa kwa sababu ya lugha hizo, na ukihesabu maneno wanayoyajua, hesabu ya Kigogo na ya Kiswahili kwa pamoja.

Kinachosaidia ni dakika 10 kwa siku na kila mmoja peke yake. Kulwa achambue mchele na mama, Doto aende dukani na baba kununua chumvi, kesho wabadilishane. Uliza swali kwa jina moja na umzuie mwenzake asijibu, maana karibu kila jozi ina msemaji wake, na yule mwingine amegundua kuwa kunyooshea kidole kunatosha. Mpeleke hospitali akapimwe masikio na usemi iwapo ana miaka miwili na hajaanza kuunga maneno mawili kama "mama maji", au ana miaka minne na wageni bado hawamwelewi. Usisubiri eti kwa sababu mwenzake naye yuko hivyo.

"Hawafanani, basi kuna jambo"

Maneno haya yamevunja amani ya nyumba nyingi bila sababu. Pacha wa kufanana hutokana na yai moja lililogawanyika. Wasiofanana hutokana na mayai mawili yaliyopevuka mwezi mmoja, na wanashabihiana kama ndugu wowote wa tumbo moja: mmoja mweupe kama shangazi, mwingine mrefu kama babu. Baba tofauti ni jambo la nadra mno, na sura si ushahidi wake. Na wanaojivunia kuwa ukoo wa baba ndio ulioleta pacha, mayai mawili yanapevuka kwa mama. Baba anaweza kumrithisha binti yake tabia hiyo, si mkewe.

"Macho mekundu yanaambukizwa kwa kutazamana"

Yangeambukizwa kwa kutazamana, kila mpita njia angeyapata. Yanabebwa na vidole, taulo, upande wa kanga unaofutia wote wawili, na nzi. Mkoa wa Dodoma, hasa Kongwa, umeijua trakoma kwa miaka mingi. Ugonjwa huo hupita njia hizohizo, na ukirudiarudia unapofusha. Kila pacha awe na taulo lake la rangi yake, na uso unawe kwa maji yanayomiminwa kutoka kwenye kopo, si beseni moja la kupokezana. Kwa nyuso mbili kopo moja la nusu lita linatosha, kwa hiyo mgao wa maji usiwe kisingizio.

"Wakiwa wawili wanalindana"

Wakiwa wawili wanasaidiana kufanya hatari. Mmoja hafiki kwenye kitasa, wawili wanapandana. Mmoja anaogopa kuvuka barabara, wawili wanashindana kuvuka.

Jihadhari zaidi na maji. Kwa sababu ya mgao, nyumba nyingi za Dodoma zina ndoo, madumu, mapipa na simtanki la chini. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kimo cha sentimita chache, kimyakimya, bila kupiga kelele. Wakati wa kuoga, maji ya baridi yatangulie kwenye beseni, ya moto yafuate, upime kwa kiwiko. Mmoja akichomoka na sabuni mwilini, usimkimbilie ukamwacha mwenzake ndani ya beseni: mtoe kwanza aliye majini, ndipo umfuate mkimbizi ukiwa naye mkononi. Ndoo zote ziwe na mifuniko inayobana, na iliyokwisha kutumika igeuzwe chini juu.

Ukienda nao standi ya Sabasaba, mizigo ikae kwenye begi la mgongoni. Mikono miwili, watoto wawili. Mwenye kapu mkononi tayari amemwachia mmoja.

"Pacha ni kununua kila kitu mara mbili"

Viwe viwili: mswaki, taulo, kikombe, kandambili, na poti wakati wa kuwafundisha, kwa kuwa mmoja akikaa ndipo mwenzake naye anabanwa. Wala usitegemee waache nepi wiki moja. Kupishana kwa miezi kadhaa ni kawaida. Nguo za kuchezea, vitabu, baiskeli na kitanda wanaweza kushirikiana. Mpira nunua miwili ya bei ndogo inayofanana kabisa. Mmoja mwekundu na mmoja wa bluu ni kununua kesi.

Na wale wanaobana matumizi kwa kununua gunia la karanga na kusaga unga wa miezi mitatu, wafikirie sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na kuchemsha uji hakuiondoi. Nunua karanga nzima zilizokauka, toa zilizonyauka, zenye ukungu au zilizobadilika rangi, utwange za wiki moja.

"Waache wapigane, watazoea"

Kuzoea watazoea, kupigana. Watenganishe bila kuuliza nani kaanza, kwa sababu utapewa majibu mawili yenye machozi yanayolingana. Kila mmoja akae upande wake dakika tatu, kisha anzisha zamu kwa kuhesabu: hadi 20 ni ya Kulwa, hadi 20 tena ni ya Doto. Wanajifunza kuhesabu bure. Chapati moja ikibaki, mmoja akate, mwingine awe wa kwanza kuchagua. Kwa mtoto wa miaka mitano utashangaa kisu cha plastiki kinavyotafuta katikati.

Aliyeng'ata aambiwe yeye, kwa jina lake. Kuwachapa wote "wakome" kunamfundisha asiye na hatia kwamba kutulia hakulipi.

"Kliniki na shule wanawajua, ni mapacha"

Wanawajua kama mapacha, na hapo ndipo penye kosa. Juni na Desemba, kwenye matone ya vitamini A na dawa za minyoo kwa walio chini ya miaka mitano, foleni ni ndefu na wahudumu wana haraka. Ni rahisi mmoja apewe mara mbili na mwingine apitwe. Toa kadi moja, mtoto mmoja, subiri iandikwe na urudishiwe, ndipo utoe ya pili. Kadi mbili zisiwe mkononi kwa wakati mmoja.

Darasa la awali vivyo hivyo: cheti cha kuzaliwa cha kila mmoja, jina ndani ya kola ya kila shati, na mwalimu aonyeshwe alama ya kuwatofautisha. Mkondo ukiwa mmoja, kama ilivyo shule nyingi za vijijini, omba wakae madawati tofauti. Na kabla ya kusaini kuwa Doto hajui herufi, mwombe mwalimu amwite ubaoni peke yake, mwenzake akiwa nje.