Foleni ya Dar es Salaam haimuumizi mwenye gari peke yake

Wengi hudhani hasara ya foleni ni mafuta yanayoungua bure, kwa hiyo anayeumia ni mwenye gari. Si kweli. Wachumi wakipiga hesabu, kwa kawaida sehemu kubwa ya hasara ni muda wa watu, na daladala moja iliyokwama imebeba watu wengi kuliko magari kumi yenye dereva tu. Dereva wa daladala naye anadaiwa na tajiri, yaani mwenye daladala, hesabu ileile ya fedha za siku, hata tripu zikipungua. Malori ya bandarini yakikwama Barabara ya Mandela, gharama ya kusafirisha mzigo hupanda, na mwishowe huingia kwenye bei dukani. Bibi wa Mbagala asiyetoka nyumbani anailipia foleni kila anaponunua sabuni.