Betri ya akiba kwa saa ya msikitini

Umeme unapokatika hapa Lamu, magharibi ikikaribia, saa ya nyakati za swala iliyo ukutani msikitini huzimika pamoja na taa. Haipotezi wakati, kwa kuwa ndani yake imo betri ndogo ya kitufe inayoendelea kuhesabu, lakini tarakimu hazionekani. Wazee wa msikiti wetu waliponiomba niiwekee betri ya akiba, nilianza kwa kupima: saa ile hutumia ampea 0.3 kwa volti 5, yaani wati 1.5. Seli moja ya lithiamu ya volti 3.7 na miliampea-saa 2600 hubeba takriban wati-saa 9.6, na ukiondoa asilimia 15 zinazopotea katika kipandisha volti, kinachoinua 3.7 za seli kuwa 5 za saa, hubaki za kutosha saa tano na ziada.

Penye uzito ni uunganishaji. Mafundi wengi hufunga chaja, betri na kifaa pamoja kwenye nukta moja, na hilo nalipinga kabisa. Chaja ya lithiamu huijaza seli hadi volti 4.2, kisha hushikilia volti hizo na kungoja mkondo ushuke hadi sehemu ya kumi ya ule wa mwanzo ndipo ijizime. Chaja ya ampea 1 hungoja 0.1, ilhali saa peke yake yala zaidi ya 0.3, kwa hiyo chaja haizimi kamwe, na seli hukaa imeshindiliwa usiku na mchana hadi ichakae kabla ya wakati wake.

Kwa sababu hiyo niliupa umeme njia mbili. Adapta huilisha saa moja kwa moja kupitia dayodi ya Schottky, inayopitisha umeme upande mmoja tu, huku chaja ikishughulika na betri tu. Kati ya betri na saa nimeweka mosfeti ya chaneli P, yaani swichi ya kielektroniki, ambayo lango lake (mguu wa kuiongoza) limeunganishwa na adapta na kushushwa kwenye hasi kwa rezista ya kiloomu 100: adapta ikiwa hai mosfeti hujifunga na kuzuia umeme wa betri, ikifa hujifungua papo hapo na kuupitisha. Chagua inayofunguka vyema hata kwa volti 3, maana betri ikikaribia kwisha hazizidi hapo.

Sakiti yote niliipaka vanishi, kwani hewa ya chumvi hula shaba upesi, nayo seli nikaiweka mbali na joto la kioo cha saa. Nilipochomoa plagi saa 2 usiku tarakimu hazikutikisika, na zilidumu hadi saa 7 na dakika 10.