Je, wajua maharage yanashushaje lehemu?

Mtu akiambiwa lehemu yake (kolesteroli) iko juu, akirudi nyumbani kitu cha kwanza kukipiga marufuku ni mayai. Cha pili ni kuanza kunywa maji ya moto yenye limao kila asubuhi eti "kuyeyusha mafuta". Maji ya limao yanaishia tumboni na kwenye kibofu. Lehemu ya kwenye damu hayaigusi. Na mayai kwa watu wengi huipandisha kidogo tu. Sufuria ya maharage iliyobaki jikoni tangu jana ndiyo ingemsaidia, na sababu yake iko kwenye nyongo.

Sehemu kubwa ya lehemu ya mwilini haitoki kwenye sahani. Mwili huitengeneza wenyewe, hasa kwenye ini, kwa sababu unaihitaji: kuta za seli zimejengwa nayo, homoni kadhaa hutengenezwa nayo, na nyongo pia. Kila siku ini hugeuza kiasi cha lehemu kuwa asidi za nyongo na kuzimwaga kwenye utumbo zisaidie kusaga mafuta. Asidi hizo zikimaliza kazi hazitupwi. Karibu asilimia 95 hufyonzwa tena mwishoni mwa utumbo mwembamba, zikarudi kwenye ini, zikatumika upya mara kadhaa kwa siku hiyo hiyo. Zinazopotea na choo ni kama nusu gramu tu.

Hapo ndipo maharage yanapoingilia. Yana nyuzinyuzi zinazoyeyuka, ambazo zikikutana na maji ya utumboni huwa ute mzito. Ute unazinasa asidi za nyongo na kutoka nazo. Ini likikuta akiba imepungua, halina budi kutengeneza nyingine, na malighafi yake ni lehemu. Basi linaongeza vipokezi juu ya seli zake, na vipokezi vinanasa LDL inayopita kwenye damu. LDL ni chombo kinachosafirisha lehemu mwilini. Ikizidi hujipenyeza kwenye kuta za mishipa ya moyo na ya ubongo, ikajenga utando unaoziba taratibu kwa miaka mingi. Waliogundua vipokezi hivyo, Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Marekani, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Ukishajua hivyo, chakula unakipima kwa swali moja: kikiingia mwilini, ini litavuta LDL zaidi au litaiacha izagae?

Kiasi chenyewe ni robo tatu ya kikombe cha maharage yaliyoiva kila siku, yaani gramu 130 hivi, ambazo ni kama gramu 50 za maharage makavu. Tafiti zilipojumlishwa pamoja, kiasi hicho kilishusha LDL kwa asilimia 5 hivi. Ni punguzo dogo, lakini ni la chakula kimoja, na hapa Kaskazini mwa Tanzania ni chakula ambacho hakihitaji kutafutwa. Lyamungu 90 na Selian 97, mbegu zinazojulikana kwa wakulima wengi, zina majina ya vituo vya utafiti vya hapa hapa, kimoja Hai na kingine Arusha. Choroko, dengu, kunde na mbaazi zinafanya kazi ile ile. Makande yanahesabika, mradi maharage yasiwe ya kuhesabu kwa vidole katikati ya mahindi. Kiburu cha Wachagga, ndizi mbichi na maharage, kwa suala hili ni chakula bora kuliko vingi vinavyouzwa kwa jina la "lishe ya moyo".

Wengi huacha maharage kwa sababu ya gesi, na gesi huja kwa kuanza na sahani nzima. Anza na vijiko vitatu au vinne kwa siku, ongeza taratibu kwa wiki mbili tatu. Bakteria wa utumboni huzoea. Loweka kwa muda wa saa 8 hadi 12, mwaga maji yale, suuza, pika kwa maji mapya. Yachemke kwa nguvu walau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, kwani maharage mekundu yasiyoiva vizuri yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha, na moto mdogo peke yake hauiui. Magadi yanalainisha upesi lakini yana sodiamu nyingi, kwa hiyo mwenye presha aloweke maharage muda mrefu na kuacha magadi.

Kinachoharibu maharage mara nyingi ni kinachomiminwa juu yake. Kikombe kimoja cha tui zito kinaweza kuwa na gramu 40 na ushee za mafuta yanayoganda. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya nguvu yote unayokula, ambayo kwa mtu anayekula kalori 2,000 ni gramu 22 kwa siku nzima. Mafuta haya yanafanya kinyume cha ute wa maharage: yanapunguza kazi ya vipokezi vya ini, LDL ikabaki inazunguka. Ukila maharage yaliyoogelea kwenye tui, mkono mmoja unajenga na mwingine unabomoa.

Hili la mafuta lina uzito kuliko maharage yenyewe. Mafuta ya nazi yana zaidi ya asilimia 80 ya mafuta yanayoganda. Asubuhi ya Julai hapa Arusha utayakuta yamekuwa jiwe ndani ya chupa. Samli na siagi ni zaidi ya nusu. Mawese ni karibu nusu, na hapo ndipo watu wanapopumbazwa na lebo: chupa imeandikwa "haina kolesteroli". Ni kweli, hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli ya maana, lakini ini litaitengeneza na kuiacha kwenye damu kwa sababu ya hayo hayo mafuta. Alizeti ni kama asilimia 11 tu. Kwa hiyo kubadili dumu la mawese kwa dumu la alizeti, bila kuongeza kipimo, kunaweza kuonekana kwenye majibu ya damu ndani ya wiki chache. Kipimo chenyewe kisizidi kijiko kimoja cha chakula kwa mlaji kwa mlo, na kipimwe kwa kijiko, si kwa kukadiria mdomoni mwa chupa. Mafuta mgando yaliyotengenezwa kiwandani kwa kugandisha mafuta ya mimea ni mabaya zaidi yakiwa ya aina ile inayopandisha LDL na kushusha HDL (chombo kinachorudisha lehemu kwenye ini) kwa pamoja. Yanajificha kwenye maandazi, keki na biskuti za bei nafuu.

Chips mayai pia hushitakiwa vibaya. Kiini cha yai moja kina miligramu 185 hivi za lehemu, lakini kinachompandisha mlaji LDL zaidi ni mafuta ya kukaangia, hasa kama ni mawese au mafuta mgando, na yale mafuta ambayo muuzaji anayatumia tangu juzi.

Mtori na supu ya mifupa si lazima viachwe. Chemsha nyama jioni, epua, funika, iache supu usiku kucha mahali pa baridi. Asubuhi utakuta utando mweupe umeganda juu. Pitisha kijiko pembeni uuvunje, uinue vipande, utupe. Chini inabaki supu yenye ladha yake. Ndipo uitumie kupikia ndizi. Maziwa ya ng'ombe wa nyumbani nayo yakichemka na kupoa, toa malai. Glasi moja ya maziwa yasiyotolewa mafuta ina gramu 5 hivi za mafuta yanayoganda, na kuna watu wanaokunywa chai ya maziwa mara tatu kwa siku bila kuihesabu kama chakula.

Sasa kahawa. Mkoa wa Kilimanjaro unalima kahawa aina ya arabika, na njia ya kizamani ya kuiandaa ni kuchemsha unga ndani ya maji, kuuacha utuame, kisha kumimina. Kahawa hiyo hubeba kafestoli, kitu kilichomo kwenye mafuta ya buni, ambacho kwa nguvu ya kupandisha lehemu kinashinda karibu kila kitu kingine tunachokula, gramu kwa gramu. Kikombe kimoja hakina shida. Anayekunywa vitano sita kila siku ataiona tofauti kwenye kipimo. Dawa yake ni karatasi ya kuchujia: kafestoli inabaki kwenye karatasi, kahawa inapita. Kitambaa safi cha pamba nacho hupunguza. Chujio la chai la waya halisaidii, maana linazuia unga na kupitisha mafuta. Kahawa ya kuyeyuka ina kafestoli kidogo mno.

Kwenye nafaka, dona ni bora kuliko sembe kwa mambo mengi, ila nyuzinyuzi zake nyingi haziyeyuki; zinasaidia choo kuliko lehemu. Zinazoyeyuka ziko kwenye oti na shayiri, kwa jina la beta-glukani. Gramu 3 kwa siku, ambazo ni kama gramu 80 za oti kavu, hushusha LDL kwa asilimia 5 hivi nyingine. Shayiri inalimwa Monduli na Karatu, lakini nyingi huenda kwenye bia, na bia haihesabiki. Bamia, karoti, machungwa na parachichi zinaongeza kidogo kidogo. Nusu parachichi kwenye mkate badala ya siagi ni faida mara mbili. Nusu parachichi juu ya siagi ni kalori tu. Konzi moja ya karanga, gramu 30, isiyokaangwa kwa mafuta, nayo ina nafasi yake.

Arusha hakuna mazungumzo ya lehemu yanayoisha bila mtu kuuliza: mbona Wamasai wanaishi kwa nyama na maziwa? Swali ni la haki, na lilichunguzwa. George Mann, mtafiti kutoka Marekani, aliwapima Wamasai wa Tanganyika miaka ya 1960 akakuta lehemu yao iko chini na ugonjwa wa moyo ni nadra. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa miili ya Wamasai 50 waliofariki. Utando wa mafuta ulikuwemo kwenye mishipa, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana kiasi kwamba damu ilipita bila shida. Yeye alielekea kuamini kwamba kutembea mwendo mrefu kila siku ndiko kulikoipanua. Watu wale walikuwa wembamba, wakitembea na mifugo kutwa. Anayekula kilo ya mbuzi choma Jumamosi, kisha akarudi kwenye gari, hawezi kuutumia ushahidi wao kujitetea.

Mazoezi hayashushi sana LDL, na ni vizuri kulisema wazi kwa sababu watu hukata tamaa wakiona namba haijashuka. Yanachoshusha vizuri ni trigliseridi, yaani mafuta mengine ya kwenye damu, kwa kuwa misuli inayofanya kazi huyachukua na kuyachoma. Athari ya zoezi moja hudumu siku moja hadi mbili, kwa hiyo Jumapili peke yake haitoshi. HDL hupanda kidogo. Lengo ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki, mfano dakika 30 siku tano, mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Moshi mjini iko chini na vijiji vya Kibosho viko juu mlimani. Kupanda kwa miguu sehemu ya njia hiyo ni mazoezi kamili bila kulipia ukumbi. Shuka kwenye daladala kituo kimoja au viwili kabla ya chako. Mwenye maumivu ya kifua au asiyefanya mazoezi kwa miaka aanzie tambarare, baada ya kumwona daktari. Na trigliseridi zikiwa juu, tazama pia sukari ya chai, soda, bia na mbege. Hizo hupandisha namba hii upesi.

Pima tena baada ya wiki 8 hadi 12. Mapema zaidi unapoteza hela, na ukipima ukiwa na homa, lehemu hushuka kwa ugonjwa wenyewe ukadhani umefaulu. Damu ikichukuliwa mara mbili bila chochote kubadilika, LDL inaweza kutofautiana kwa karibu asilimia 10. Angalia na kizio: 4.1 kwa mmol/L ni sawa na 159 kwa mg/dL (zidisha kwa 38.7), na kuna waliopata hofu bure kwa kulinganisha majibu ya maabara mbili. Omba LDL, si jumla tu. Ukiunganisha mafuta, maharage, oti na karanga, tegemea LDL kushuka kwa asilimia 10 hadi 15. Kwenye jaribio moja la Kanada, washiriki waliopewa kila mlo walifika asilimia 28, lakini walipojipikia wenyewe nyumbani ilikuwa nusu yake.

LDL ya 4.9 mmol/L au zaidi inaweza kuwa ya kurithi, na hapo chakula peke yake hakitoshi. Ndugu wa damu nao wapimwe. Daktari akikuandikia dawa ya kushusha lehemu aina ya statini, usiiache kwa sababu maharage yameanza kufanya kazi. Na kama ni simvastatini au atovastatini, achana na balungi na juisi yake: linazuia kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyo, dawa ikarundikana kwenye damu, na dalili ya kwanza huwa ni maumivu ya misuli.